Ugonjwa wa Tomati na Viazi vya Ulaya

Ninyi wenye bustani katika vijiji vya kando ya Likasi, Kipushi, Kolwezi na Lubumbashi, maneno haya ni yenu. Mnajua bei ya tomati wakati wa mvua. Watu wa migodi wanataka mboga pamoja na bukari yao kila siku, nao hawaulizi kama mvua inanyesha ao hainyeshi. Tomati zikiwa chache sokoni, kitunga kimoja huleta franka nyingi. Kwa franka hizo mama hununua chumvi, sabuni na madaftari ya watoto. Basi watu wengi hupanda tomati ili ziive katikati ya mvua, na wengi wao hulia.

Wanalia kwa sababu gani? Siku ya kwanza bustani ni nzima, majani ni mabichi, matunda yameanza kunenepa. Mvua inanyesha siku tatu, nne, wala jua halionekani. Halafu madoa yanatokea. Wiki mbili hazijapita, bustani yote ni nyeusi kama imepitiwa na moto, na harufu yake ni ya kuoza. Ugonjwa huo ndio uitwao mildiu. Viazi vya Ulaya navyo hufa kwa mildiu hiyohiyo, kwani tomati na viazi vya Ulaya ni wa ukoo mmoja. Viazi vitamu si wa ukoo huo, hata jina likifanana. Mildiu haivigusi, wala haigusi muhogo, mahindi wala maharagwe.

Jifunzeni kuijua mapema. Asubuhi, umande ukiwa ungalipo, ingia bustanini, geuza majani ya chini na ya katikati. Kama ni mildiu utaona doa la rangi ya majani yaliyolowa maji ya moto, halafu linakuwa la udongo, halafu jeusi. Doa hilo halina duara ndani yake. Upande wa chini wa jani, pembeni mwa doa, utaona kitu cheupe kama unga mwembamba. Jua likipanda, unga huo hauonekani tena. Kwa hiyo mtu anayetazama saa sita mchana husema hakuna kitu. Shina nalo hupata alama nyeusi, likavunjika. Tunda la tomati hupata doa gumu la udongo, kama limepakwa mafuta. Kiazi ukikipasua, utaona chini ya ngozi rangi nyekundu-nyeusi inayoingia ndani pole pole.

Kuna magonjwa mengine ambayo watu huyachanganya na hii. Doa kavu lenye maduara, moja ndani ya jingine, juu ya majani ya kale ya chini, ni ugonjwa mwingine, nao huenda polepole. Tunda lililo jeusi kwenye kitako chake tu, na majani ni mazima, limekosa maji ya kufuatana, si mildiu. Na tomati inayonyauka yote kwa ghafula, ingali mbichi, bila doa lolote, hiyo ina ugonjwa wa mizizi: kata shina lake, litie katika gilasi ya maji safi, ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka, ng'oa mti huo mara moja. Dawa nitakayoieleza hapa haiwezi kitu juu ya ugonjwa huo wa mizizi.

Sasa kuna maneno mawili ambayo nayasikia kila mwaka. Neno la kwanza: ni moshi wa viwanda. Moshi wa kuyeyusha shaba ni mbaya kweli. Tanuru la Lubumbashi lilianza kazi mwaka wa 1911, na upande ule upepo ulikopeleka moshi wake miti ilikufa, udongo ukabaki wazi. Lakini moshi hauchagui. Ukiunguza tomati, utaunguza na maharagwe, na mpapai, na majani ya porini. Mildiu inachagua: tomati na viazi vya Ulaya vinakufa, na maharagwe yaliyo katikati yao yanacheka. Tazama hilo kwanza, ndipo useme moshi.

Neno la pili ni ulozi, na juu ya neno hilo nitakaa kidogo.

Mwaka mmoja, mwezi wa pili, mama mmoja aliniita katika bustani yake. Mistari 12 ya tomati, yote imekufa. Ng'ambo ya kijito ilikuwa bustani ya mke wa shemeji yake, nayo ilikuwa nzima, matunda yanawaka. Mama yule akaniambia: "Moniteri, mwanangu, macho unayo. Kwangu pamekufa, kwake hata jani moja. Huu ni mkono wa mtu." Wamama hao wawili walikuwa hawasalimiani tena, na waume zao walianza kuitana mbele ya mzee wa kijiji. Nikavuka kijito, nikatazama. Bustani ya ng'ambo ilikuwa juu ya mteremko, jua la asubuhi linaipiga mapema, kila mti umefungwa kwenye kijiti, majani ya chini yameondolewa. Saa mbili majani yake yalikuwa makavu. Nikarudi. Bustani iliyokufa ilikuwa chini bondeni, katika kivuli cha mwembe, tomati zimelala juu ya udongo. Saa tano majani yalikuwa yangali na maji. Tena nyuma ya jiko, hatua 15 tu, palikuwa fungu la viazi vya Ulaya vilivyooza vikatupwa, navyo vimeota. Nikayageuza majani yale. Unga mweupe ulikuwa pale.

Nikawaita wamama wote wawili na mzee wa kijiji, nikawaonyesha. Mlozi alikuwa lile fungu la viazi.

Na mimi nina kosa langu katika habari hiyo, sitalificha. Siku 12 mbele ya kuitwa nilikuwa nimepita kwa mama yule, nikaona majani matatu yenye doa. Nikamwambia, "Ngoja, nitaleta dawa nikirudi." Niliporudi, dawa haikuwa na kazi tena. Mildiu haingoji mtu arudi.

Msifikiri kwamba watu weusi tu ndio waliotafuta mlozi. Mwaka wa 1845 ugonjwa huu ulionekana Ubelgiji, na mwaka uleule ukaenda Ufaransa, Uholanzi, Uingereza na Irlande. Wazungu wengine walisema ni adhabu ya Mungu. Wengine walisema ni moshi wa gari la moshi, kwani wakati ule gari la moshi lilikuwa jambo jipya. Wengine, nguvu za umeme katika hewa. Huko Irlande watu maskini walikuwa wakila viazi karibu peke yake. Viazi vikaoza mwaka baada ya mwaka, na chakula kingine kilikuwa cha wenye mashamba, kikapelekwa kuuzwa. Watu kama milioni moja wakafa kwa njaa na kwa magonjwa ya njaa, na wengine zaidi ya milioni wakapanda meli, wakaiacha nchi yao. Mwaka wa 1846 mchungaji mmoja Mwingereza, jina lake Berkeley, alitazama majani yale kwa kioo cha kukuza akasema: ule unga mweupe ndio unaoua. Wenye elimu wengi hawakumsadiki. Ni Mjerumani de Bary aliyeonyesha wazi, mwaka wa 1861, kwamba Berkeley alisema kweli. Katika Afrika yetu, Kenya iliuona ugonjwa huu mwaka wa 1941.

Basi unga huo ni kitu gani? Ni kiumbe kidogo sana, chenye uzima. Kinafanana na kuvu inayoota juu ya mkate wa kale, lakini wenye elimu wa sasa wanasema si kuvu ya kweli, ni jamaa ya viumbe vya majini. Hilo si neno la shule tu, ndilo linaloeleza tabia yake yote. Unga ule ni mbegu zake. Upepo wenye unyevu unazibeba mpaka bustani nyingine, hata mbali. Mbegu ikianguka juu ya jani kavu, jua linaiua. Ikianguka juu ya jani lenye maji, nayo maji yakikaa usiku mzima mpaka asubuhi, inafunguka, inatoa vitoto vinavyoogelea ndani ya tone la maji, navyo vinatoboa jani. Siku tatu mpaka saba hakuna kinachoonekana. Halafu doa, halafu unga, halafu maelfu ya mbegu nyingine. Inapenda baridi ya kiasi, nyuzi 10 mpaka 24. Joto likipita 30 inasimama. Kwa hiyo wiki ya mawingu na mvua nyembamba ni mbaya kupita mvua kubwa ya saa moja inayofuatwa na jua.

Jueni na hili: mildiu haiwezi kuishi sana bila kitu kibichi. Majani yakikauka kabisa, kwa kawaida nayo inakufa. Inajificha wapi wakati wa kiangazi? Ndani ya kiazi kilichosahauliwa udongoni, ndani ya kiazi cha mbegu chenye ugonjwa, na juu ya tomati zinazojiotea kwenye majalala. Mkiondoa hivyo, mmefunga mlango mkubwa. Lakini jirani akiacha wake wazi, upepo utaleta. Kazi hii ni ya kijiji chote.

Namna ya kupanda nitaisema kwa upesi, kwani nyingi mnaijua. Katanga mvua huisha karibu na mwezi wa nne. Bustani isiyopata taabu nyingi ni ile inayohamishwa toka kitaluni mwezi wa tano na kunyweshwa maji ya mto wakati wa kiangazi. Mnyweshe asubuhi, chini ya mti, si juu ya majani, wala si jioni. Mabondeni katika mwezi wa sita na wa saba umande ni mwingi, na mildiu yaweza kuja hata bila mvua. Kati ya mti na mti acheni sentimeta 50 ao 60, kati ya mistari 80, upepo upite. Fungeni kila mti kwenye kijiti. Ondoeni majani yanayogusa udongo. Msipande tomati baada ya viazi vya Ulaya, wala viazi baada ya tomati, wala biringanya baada ya hivyo. Mahali palepale ngojeni miaka mitatu, mkilima mahindi, karanga ao maharagwe. Anayetaka kupanda katika mvua kwa ajili ya bei, na apande, lakini achague mteremko wenye jua la asubuhi, tena awe na dawa nyumbani mbele ya kupanda.

Dawa yenyewe ni shaba. Shaba ileile ya nchi yetu, ambayo wazee wa zamani waliiyeyusha na kuimwaga kwa mfano wa msalaba. Ilijulikana hivi. Karibu na mji wa Bordeaux, katika Ufaransa, wenye mashamba ya mizabibu walichoka na wapita njia waliokula zabibu zao. Wakapaka mizabibu ya kando ya njia dawa ya shaba na chokaa, ili ionekane kama sumu. Mwaka wa 1882 bwana Millardet akapita, akaona mizabibu iliyopakwa ina majani yake, na ile ya ndani imekufa kwa mildiu yake ya zabibu, iliyo jamaa ya hii yetu. Akajaribu, akapima, na mwaka wa 1885 akatangaza. Toka siku ile inaitwa uji wa Bordeaux.

Kwa uji wa litre 10 mtatafuta gramu 100 za sulfati ya shaba, zile chembe za buluu, na gramu 100 za chokaa mbichi. Kama mna chokaa iliyokwisha kuzimwa, ile ya unga ya waashi, tieni gramu 150. Chokaa iliyokaa wazi miezi mingi haina nguvu. Pimeni kwa mizani ya muuza duka, msikadirie kwa kiganja.

Tieni sulfati katika litre 5 za maji, ndani ya ndoo ya plastiki ao chungu. Si ndoo ya chuma, kwani sulfati inakula chuma, na dawa inaharibika. Ifungeni katika kitambaa, mwitundike ndani ya maji usiku mmoja, asubuhi imeyeyuka. Katika chombo kingine zimeni chokaa kwa maji kidogo kidogo. Chokaa mbichi inachemka na kuruka, lindeni macho, watoto wasikaribie. Halafu ongezeni maji mpaka litre 5, mchuje kwa kitambaa. Sasa mimineni maji ya buluu ndani ya maziwa ya chokaa, polepole, mkikoroga kwa mti. Shikeni utaratibu huo, msiugeuze. Uji mzuri ni wa rangi ya mbingu. Mbele ya kuutumia tieni ndani yake msumari safi, mhesabu dakika chache. Msumari ukitoka na rangi nyekundu ya shaba, uji ni mkali, utaunguza majani; ongezeni maziwa ya chokaa, mjaribu tena. Msumari ukitoka kama ulivyoingia, anzeni kazi. Utumieni siku hiyohiyo, kesho hautashika majani tena.

Litre 10 zatosha bustani ya mita 10 kwa mita 10. Nyunyizeni kwa pompa, juu ya majani na chini yake, siku kavu, mapema, ili dawa ikauke. Asiye na pompa atumie fagio dogo la majani laini. Si vema kama pompa, lakini ni bora kuliko mikono mitupu. Kwa miche midogo punguzeni sulfati na chokaa nusu yake. Rudieni kila siku 7 mpaka 10 wakati wa mvua, na mvua kubwa ikiosha majani, rudieni mapema. Na sikieni neno hili ambalo mimi nalijua kwa kosa langu: dawa hii haiponyi jani lenye ugonjwa. Inakaa juu ya jani zima kama mlinzi mlangoni. Anzeni mawingu yanapojikusanya, si doa linapoonekana.

Sokoni kuna pia unga wa mankozebu katika pakiti. Nao ni mlinzi, si mganga. Nunueni pakiti isiyofunguliwa, mfuate kipimo na siku za kungoja zilizoandikwa, kwani ni sumu kwa mtu anayeizoea vibaya.

Sasa mtu mmoja atasema: "Tunaishi juu ya shaba, tununue shaba ya nini? Pale mgodini kuna maji ya buluu, yanapita bure." Hapana, ndugu yangu! Maji yale yana asidi, yana na madini mengine ambayo hayafai kuingia katika tunda wala tumboni. Yataunguza majani, yataharibu udongo, na watoto wako watakula. Wala msisage mawe mabichi ya malakiti mkidhani ni dawa. Tena udongo wa mahali pengine kwetu umejaa shaba tayari: mnapajua, pale pasipoota mti, panapoota lile ua dogo la shaba peke yake. Pale msilime bustani hata kidogo. Na popote mnapolima, msizidishe uji wa Bordeaux bila haja, kwani shaba haiozi, inabaki udongoni mwaka hata mwaka. Msioshe vyombo mtoni, inaua samaki. Osheni mikono na nguo. Toka siku ya kunyunyiza ngojeni wiki moja ndipo mchume, na tomati zioshwe.

Doa likitokea hata hivyo, msingoje. Majani machache yakiwa na doa, yakateni yakiwa makavu, myatie ndani ya mfuko palepale, msiyabebe wazi katikati ya mistari. Mti uliokwisha kushikwa shinani, ng'oeni wote. Vitu hivyo vizikwe chini, nusu mita, visitupwe nyuma ya jiko. Tomati nzima za kijani zichumeni mapema, ziive ndani ya nyumba. Zile zitakazopata doa mzitoe.

Kwa viazi vya Ulaya kazi ni zaidi kidogo, kwani mali imo chini ya udongo. Mvua inashusha mbegu za mildiu toka majanini mpaka viazini. Kwa hiyo pandisheni udongo juu ya mistari, sentimeta 15 ao 20, kiazi kisionekane. Majani yakishikwa sana, yakateni yote na kuyaondoa, halafu ngojeni wiki mbili mbele ya kuchimba; ngozi ya viazi itakomaa, na mbegu za ugonjwa zilizo juu ya udongo zitakufa. Chimbeni siku kavu, mkitoa hata kile kidogo kama kidole. Msioshe viazi vya kuweka. Kila wiki vipekueni, kilichooza kitoke.

Viazi vya mbegu vichagueni katika mistari iliyokuwa mizima mpaka mwisho, wala msinunue mbegu sokoni bila kupasua vichache kutazama ndani. Viwekeni mbali na vile vya kula, juu ya kitanda cha miti, mahali penye upepo na mwanga lakini pasipo jua kali. Vitageuka kijani, na kwa mbegu hiyo ni vema. Lakini watoto wasivipike, kwani kiazi kilichogeuka kijani kinaumiza tumbo.